Jibu: Paa la asbestosi Chumbageni, fundi anataka kulivunja

Ndugu yangu, nyumba ya zamani uliyonunua hapo Chumbageni, Tanga, ina paa la asbestosi (nyuzi za madini zilizochanganywa na saruji), na fundi anataka kulibomoa kwa nyundo, kifusi ajazie sakafu. Msimamishe leo.

Bati zima la asbestosi lisiloguswa halina shida kubwa. Shida ni vumbi: nyuzi zisizoonekana kwa macho huganda mapafuni, na saratani huweza kujitokeza baada ya miaka 20 hadi 40. Ndiyo maana fundi anajigamba kaezua mengi na hajaumwa. Kagua ukingo wa paa. Ukiona umemeguka na manyoya ya kijivu yanachomoza, usiahirishe kuliondoa kwa njia salama.

Waulize NEMC (baraza la mazingira) na OSHA (wakala wa usalama na afya kazini) nani aezue na taka ziende wapi. Mabati yaloweshwe, yashushwe mazima, yafungwe kwa nailoni nzito. Grainda marufuku, kufagia pakavu marufuku. Barakoa zile za korona hazitoshi. Watoto wahamie kwa bibi yao kwanza.

Na jirani akiomba vipande vya banda la kuku (ataomba tu), mnyime.

Aliyekwisha kuvuta vumbi hilo aache sigara. Akikohoa mfululizo, amwone daktari na kumtajia asbestosi.