Nikiacha kulipa bima ya afya, nitapoteza nini?

Nauza mboga Nakuru. SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii inayosimamia bima ya afya ya serikali, wamenipimia mchango wa shilingi 6,000 kwa mwaka. Sijaugua miaka minne. Si afadhali nizitie hela hizo kwenye chama chetu cha kuchangiana pesa kwa zamu?

Dada yangu, endelea na chama, lakini bima usiiache. Chama kina zamu, na ugonjwa haungoji zamu yako.

Kaka yangu, fundi wa pikipiki, aliacha kulipa bima enzi za NHIF, bima ya serikali iliyokuwepo kabla ya SHA, ili amalizie karo ya watoto. Usiku mmoja kidole tumbo chake kikapasuka. Karani wa hospitali aliingiza nambari ya kitambulisho, akatugeuzia kompyuta tujionee: hajalipa. Tukaambiwa tuweke pesa kwanza ndipo apasuliwe. Saa nane za usiku nimesimama koridoni napiga simu, huyu anatuma 500, yule 1,000. Alipona, nashukuru. Lakini wiki hiyo ng'ombe wa mama aliuzwa, na maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyokuwa yakilipa nusu ya karo.

Kama 6,000 kwa mkupuo ni nzito, uliza kuhusu Lipa SHA Pole Pole: unakopeshwa mchango wa mwaka, unaurudisha kidogo kidogo.

Nimejiandikisha SHA lakini silipi. Haitoshi?

Inatosha kwa zahanati na kituo cha afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3. Ukilazwa hospitali ya kaunti, wataangalia kama umelipa.

Mume wangu husafishwa damu mara mbili kwa wiki. Biashara imeanguka, tunafikiria kuruka mchango wa mwaka huu.

Mama, nakusihi, msiruke. Kila anaposafishwa, SHA hulipa shilingi 10,650. Kwa wiki ni 21,300. Anayelipa kiwango cha chini, 300 kwa mwezi, hafikishi hizo hata kwa miaka mitano. Na mgonjwa wa figo akikosa kusafishwa, maji hujaa mwilini, miguu inavimba, pumzi inakuwa shida, na potasiamu ikipanda sana moyo unaweza kusimama. Kama mapato yameshuka, nendeni ofisi ya SHA mkaombe mchango upimwe upya. Kateni kingine chochote kabla ya hiki.

Nataka kusimamisha bima ya kibinafsi mwaka mmoja, kisha nirudi. Baba, ninayemlipia, ana sukari.

Ukirudi utahesabiwa kama mgeni. Kampuni nyingi zitakutaka usubiri upya, na kwa maradhi ya kudumu kama sukari mara nyingi ni mwaka mzima. Umri wa baba nao utakuwa umepanda, na malipo pamoja nao. Punguza badala ya kuacha: ondoa meno na miwani, bakiza kulazwa.

Dada yangu hakuwa na bima. Amejifungua, na hospitali imekataa kumruhusu atoke hadi deni liishe. Ni halali?

Si halali, na nimeumia kusoma barua yako. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuilia akina mama wawili katika Hospitali ya Pumwani kwa sababu ya deni kulikiuka haki zao. Deni lenyewe halifutiki. Mwone leo afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali hiyo, muandikiane mtalipa kiasi gani kila mwezi, na ubaki na nakala yenye mhuri.