Pima maandishi baada ya fonti kufika

Ndugu muulizaji, nimeelewa kwamba maandishi unayoyachora kwenye kanvasi (eneo la kuchorea ndani ya ukurasa wa wavuti) kwa JavaScript hupita ukingo wa kisanduku ukurasa unapofunguliwa mara ya kwanza, lakini ukiufungua upya hukaa sawasawa. Dalili hiyo yaonyesha, karibu kwa hakika, kwamba measureText, amri ya kupima upana wa maandishi, inaitwa kabla fonti yako haijapakuliwa, kwa hiyo kivinjari kinakupa upana wa fonti mbadala bila kutoa onyo lolote. Ipakie kwanza kwa document.fonts.load, ukitaja ukubwa na jina lake, usubiri ikamilike, ndipo upime. Usitegemee document.fonts.ready, ambayo husubiri tu fonti zilizokwisha kuanza kupakuliwa, peke yake, kwa kuwa fonti isiyotumiwa na kipengele chochote cha ukurasa huenda isianze kupakuliwa kabisa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kwamba unapima herufi mojamoja na kujumlisha. Acha njia hiyo. Fonti nyingi huzisogeza A na V zikaribiane zinapofuatana, hivyo jumla yako hutofautiana na upana wa "AV" zikipimwa pamoja. Katika mwandiko wa Kiarabu kosa huwa kubwa zaidi, maana umbo la herufi hubadilika kulingana na jirani zake. Pima mstari mzima. Iwapo herufi za mlazo bado zinachomoza, tumia vipimo vya actualBoundingBoxLeft na actualBoundingBoxRight ambavyo measureText hurudisha, kwani kipimo chake cha width hueleza mwendo wa kalamu, si mipaka ya wino.

Ukihamishia kazi hii nje ya kivinjari, tafadhali usijitungie kanuni za kuunganisha herufi. Tumia maktaba ya programu iliyokomaa kama HarfBuzz, inayochagua na kupanga maumbo ya herufi.