Simu inachaji kwenye gari, redio haiioni

Ndugu, kama simu inachaji ila redio haiioni, anza na waya. Waya kamili wa USB una nyaya za umeme na za data. Mwingine una za umeme tu. Mimi nilihangaika na redio wiki nzima, kumbe waya!

Ukibadilisha ikagoma, mulika tundu la simu kwa tochi. Vumbi la mfukoni hujishindilia mle, plagi isifike mwisho. Zima simu, lichokonoe taratibu kwa kijiti cha meno, pini usiguse.

Kwenye Android, shusha arifa uchague kuhamisha faili. Jaribu pia tundu jingine la gari, mengine ni ya chaji tu. Likichemka au kunuka kuungua, chomoa, mwone fundi umeme wa magari.