Likizo ya Aprili, masika, na fuvu la Zinjanthropus

Juzi dada mmoja wa Tabata aliniandikia inboksi: "Kaka, shule zimefungwa, mvua haikatiki, watoto wamenichosha na katuni. Wewe kila Aprili naona picha zako za makumbusho. Unawafanyaje mpaka wanatulia?" Nilimjibu mistari miwili, halafu nikaona niyaweke yote hapa, maana najua wengi wetu shida yetu ni moja: tunataka watoto wadadisi, wanaouliza maswali, si wa kuinamia simu kutwa nzima.

Jibu lenyewe fupi. Nenda asubuhi, chagua kitu kimoja, ondoka kabla hawajachoka.

Mke wangu ni muuguzi na zamu zake hazijui likizo, kwa hiyo Aprili watoto ni wangu. Mara ya kwanza nilipotangaza kwamba nawapeleka Makumbusho ya Taifa, pale mtaa wa Shaaban Robert, Dar es Salaam, kaka yangu mkubwa aliandika kwenye grupu la familia: "Wenzio wanapeleka watoto kwenye bembea, wewe unawapeleka kwenye mifupa." Ukoo mzima ukaangua vicheko, mpaka shangazi ambaye huwa haandiki kitu. Sikujibu. Ila makala haya najua atayasoma.

Basi, hiyo mifupa. Nendeni moja kwa moja kwenye sehemu ya chimbuko la binadamu, mkasimame kwa Zinjanthropus, fuvu la kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, yule ambaye mtafiti Mary Leakey alimfukua Olduvai tarehe 17 Julai 1959. Ana umri wa miaka kama milioni 1.75, lakini hiyo namba mtoto wa darasa la pili haimwambii kitu. Mwonyeshe magego kwanza, yalivyo mapana. Kisha mwonyeshe utosini: kuna ukingo wa mfupa uliosimama kutoka mbele kwenda nyuma, kama mkuku wa dau lililopinduliwa. Hapo usieleze. Mwambie aweke vidole kwenye panja zake, atafune hewa. Atausikia msuli ukicheza chini ya vidole. Wetu unaishia pembeni ya kichwa. Wa Zinjanthropus ulikuwa mkubwa kiasi cha kupanda mpaka juu na kushikilia ule ukingo, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutafuna vyakula vigumu tangu asubuhi hadi jioni.

Binti yangu alitafuna hewa ndani ya mwendokasi mpaka tukafika nyumbani. Shule zilipofunguliwa akawafundisha wenzake, na mwalimu akanipigia kuuliza mtoto kayatoa wapi. Nilijisikia raha kuliko siku niliyopandishwa cheo. Grupu la familia sikuliambia. (Sawa, niliweka picha kwenye stetasi, na kaka aliiona.)

Ukumbi wa historia, magari ya zamani ya viongozi, vigae vya Kilwa, Maji Maji, vyote vipo na vyote vizuri, lakini si siku hiyo. Narudia: kitu kimoja. Kiingilio cha raia ni nafuu kuliko cha mgeni, kwa hiyo usitembee na watoto kana kwamba unakomboa hela yako kila chumba. Mzazi anayemburura mtoto ukumbi hadi ukumbi akimsomea vibao anamfundisha kuchukia vibao. Hilo naliona kila nikienda na huwa nalazimika kuuma ulimi.

Mvua ikikatika, vukeni mwende Bustani ya Mimea, ni jirani tu. Wajerumani waliianzisha mwaka 1893 kujaribia mazao ya biashara, na hii leo ni kivuli kizuri katikati ya mji. Watu wanaikimbia wakati wa masika, mimi ndipo ninapoipenda, kwa sababu jongoo wametoka. Wape watoto kazi: watafute jongoo, wachungulie pingili moja. Karibu kila pingili ina jozi mbili za miguu. Tandu ana jozi moja, tena anauma, kwa hiyo somo hili lina faida yake hata nyumbani. Wasimshikeshike jongoo halafu wakajifikicha macho, maji yake yanawasha.

Na tope nalo lisipotee bure. Nyayo za Laetoli, kule Ngorongoro, zile za miaka milioni 3.6, zilibaki kwa sababu ya mvua. Volkano ilimwaga majivu, mvua ikayalowesha, viumbe vilivyotembea kwa miguu miwili vikapita, majivu yakagandamana, mengine yakaja kufunika juu. Wavue viatu watoto, wapite kwenye tope, mmoja polepole na mwingine mbio, halafu wewe ugeuke na ubashiri nani kapita wapi. Wa kwangu wa mwisho alipita kinyumenyume ili anidanganye. Akanidanganya kweli.

Mtaniambia hamna muda. Muda mnao. Jumamosi mnazomaliza saluni na kwenye mpira, mimi nimezimaliza kwenye tope, na sitaki kusema nani mzazi bora, lakini mtoto wangu anajua panja ni nini na kwa nini inacheza.

Kama mjini ni mbali kwenu, kipo Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo, chenye nyumba za asili za makabila. Kanuni ni ileile: nyumba moja au mbili, basi. Sisi tulichagua msonge wa Wahaya. Waingizeni ndani, wakae chini, waulizeni moshi wa jikoni ungepitia wapi. Ngoma huwa zinachezwa pia, ulizia ratiba kabla hujatoka nyumbani, na ubebe nguo za kubadilisha pamoja na mfuko wa viatu vya tope, la sivyo kondakta atawatazama vibaya mpaka mwisho wa safari.