Kabla hujalipia hicho kitabu, fungua ukurasa wa maharage

Mkuu, rudisha pochi mfukoni kwanza. Umeandika kwamba kesho unaanza: maharage makavu mekundu, nyanya, vitunguu na maji, vyote ndani ya sufuria ya umeme inayopika polepole, unawasha moto mdogo, unaenda kazini, jioni familia inakuta chakula tayari. Na kitabu cha mapishi unachotaka kununua ndivyo kinavyoelekeza. Usifanye hivyo. Nakuomba.

Mimi nilifanya hivyohivyo, na changu nacho kilikuwa cha "wanaoanza na wenye shughuli nyingi". Picha kubwa, maneno ya kuhesabu. Maelekezo ya pishi lile yaliishia na "funika, ondoka, ukirudi utakuta kimeiva". Jioni tukapakua. Mchuzi mzito, rangi ya kupendeza, harufu imejaa nyumba nzima. Harage lenyewe ukilibana kwa vidole, ganda linateleza vizuri, ila katikati kuna kaugumu kama chaki iliyolowa. Nikajisemea ndivyo yanavyotakiwa kuwa, si lazima yapondeke. Mjuaji mimi.

Vyombo havijakauka, mtoto akaanza kutapika. Mwenzangu akafuata. Nikabaki najisifu nina tumbo la chuma, nalo likanijibu. Choo kimoja, foleni ya familia nzima. Sielezi zaidi, kuna watu wanasoma huku wanakula.

Kumbe maharage mabichi yana sumu yake ya asili, aina ya lektini — yaani protini ya mimea — inayoitwa fitohemaglutinini (jina peke yake linatia kichefuchefu), na mekundu ndiyo yanayoongoza. Punje nne au tano ambazo hazijaiva sawasawa zinatosha kukulaza. Kutapika huanza saa 1 hadi 3 baada ya kula, na kwa kawaida hupoa baada ya saa chache, ila ni saa chache ambazo hutazisahau. Kinachoivunja sumu hiyo ni maji yanayochemka hasa, nyuzi 100. Sasa hizi sufuria za polepole, chakula cha katikati mara nyingi hakivuki hata nyuzi 75. Na balaa lenyewe liko hapa: maharage yaliyopashwa moto hadi nyuzi 80 tu yanaweza kuwa na sumu mara tano kuliko yakiwa mabichi kabisa. Maana yake kwa saa zote zile sufuria haikuwa inanipikia, ilikuwa inanitengenezea dawa ya panya.

Hasira yangu haiko kwa maharage. Iko kwa mtu aliyekaa chini akaandika kitabu cha asiyejua kupika, halafu akaruka kile ambacho asiyejua kupika hana pa kukijulia. Nafasi hakukosa, maana kulikuwa na ukurasa mzima wa jinsi ya kupanga majani juu ya sahani. Majani! Na muuzaji naye akaniambia "hiki hata mtoto anakipikia". Mtoto ndiye aliyetapika wa kwanza.

Tangu hapo nina kipimo kimoja tu cha kitabu cha mapishi, na hunibadilishi: nafungua ukurasa wa maharage kabla ya kulipa. Kikisema loweka angalau saa 5, mwaga yale maji, weka mengine, chemsha kwa nguvu ndipo upunguze moto, mwandishi huyo amewahi kuingia jikoni. Kikisema tupia vyote ufunike, kirudishe kwenye rafu, hata kama picha zinakutoa udenda. Hakina maharage? Nenda kwenye kuku. Anakuambia nyama ya ndani ifike nyuzi 74, au anakuambia "pika hadi iive" basi? Mimi ningekuwa najua imeiva inakuwaje, ningenunua kitabu cha nini?

Wapo watakaokuja hapa kusema dakika 10 za kuchemka zinatosha. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani inasema 30. Mimi ni wa 30, na sababu umeshaisoma. Ya kopo yameshapikwa kiwandani, hayo tupia utakavyo.

Najua uliuliza na visu, na mboga za watoto. Kisu chochote chenye makali. Mboga, wangu hawali, nisikudanganye.

Ila umesema kesho. Basi loweka usiku huu kabla hujalala. Asubuhi mwaga maji, weka mapya, uyabandike kwenye jiko la kawaida yatokote dakika 30 wakati mnavaa, kisha ndiyo uyahamishie kwenye hiyo sufuria yako uende kazini. Nyanya zingoje mpaka utakaporudi, uchachu wake unayachelewesha maharage kulainika.