Kikopo Kisicho na Lebo

Msimu mmoja wa korosho, fedha za mauzo zilipoingia, nilinunua krimu ya kung'arisha uso katika duka moja hapa Mtwara mjini. Muuzaji aliichota kutoka kwenye ndoo, akaitia katika kikopo cheupe kisicho na maandishi yoyote, kisha akanipa masharti mawili: niipake usiku tu, na nivue kwanza pete na bangili zangu za dhahabu. Sharti hilo la pili lilinifanya niamini kwamba nimepata kitu cha maana. Baada ya miezi michache uso ulikuwa umeng'aa kweli, lakini vifundo vya vidole vilizidi kuwa vyeusi, na nikienda shamba, jua la saa nne lilinichoma mashavu mpaka nikawa natembea nimejifunika kanga.

Daktari alipolisikia sharti la dhahabu hakuuliza mengi. Zebaki hushikamana na dhahabu, ndiyo maana wachimbaji wadogo huitumia kuikamata, na onyo la namna hiyo ni mojawapo ya dalili kwamba krimu ina zebaki. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, lakini pia hupenya mwilini, ikaharibu figo, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto aliye tumboni.

Sheria ipo. Vipodozi viliwekewa udhibiti na Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003, na tangu mwaka 2019 kazi hiyo iko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Zebaki na haidrokwinoni, kemikali nyingine ya kung'arisha ngozi, ni miongoni mwa viambato vilivyopigwa marufuku. Kimataifa, Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, wa kudhibiti zebaki, uliacha mwanya wa sehemu moja ya zebaki katika sehemu milioni za kipodozi, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kuuziba mwanya huo ifikapo 2025. Hata hivyo, krimu ikishachotwa na kutiwa kwenye kikopo kitupu, jina la kiwanda, orodha ya viambato na tarehe ya mwisho wa matumizi vyote hubaki kwenye ndoo, na mnunuzi hana ushahidi wa kumpelekea mkaguzi.

Kwa hiyo, dada zangu, msinunue mkorogo wa kuchotewa, hata kama anayeuza ni jirani mnayemwamini. Kwenye lebo tafuteni maneno "mercury" (zebaki), "calomel" (aina ya zebaki), "hydroquinone" na "clobetasol"; mkiliona lolote kati ya hayo, msinunue. Clobetasol ni steroidi kali, ambayo ni dawa ya hospitali na hupunguza unene wa ngozi. Liwa na mafuta ya nazi ya bibi zetu hayabadilishi rangi, nami sasa sioni kwamba hiyo ni kasoro.

Aliyekwisha kuanza asiache ghafla kimyakimya, kwa sababu ngozi iliyozoea steroidi huweza kuwaka na kutoka vipele vikali. Aende hospitali, abebe na kikopo chenyewe, na kama ni mjamzito au ananyonyesha, aliseme hilo kabla ya jambo jingine lolote.