Wema wa Jirani Asiyetabasamu

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza kama wema wa mtu tusiyemjua, tuliotendewa tukiwa ughaibuni, umewahi kubadilisha maoni yetu kuhusu taifa zima. Ninaishi Hamburg, kaskazini mwa Ujerumani, na wema wa namna hiyo nimeupata mara nyingi, ila sikubali kwamba unatosha kulipima taifa.

Yanayosemwa kuhusu Wajerumani yanajulikana: ni wakali, wameshikilia kanuni, hawana muda na mgeni. Nadhani sifa hii hukuzwa na jinsi maisha ya mhamiaji yanavyoanza. Sheria inamtaka ajiandikishe katika ofisi ya wakazi ndani ya wiki 2 baada ya kuhamia katika makazi yake, kisha kuna bima ya afya, kibali cha ukaazi na akaunti ya benki, hata hujikuta amezungumza na makarani kwa miezi kabla hajazungumza na jirani. Karani mwenye foleni ndefu mbele yake si mchangamfu katika nchi yoyote, lakini ugenini ndiye anayegeuzwa kuwa sura ya mamilioni.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini ni mama mzee anayewakaripia wapangaji wanaotupa chupa katika kontena la vioo siku ya Jumapili, siku ambayo kelele hiyo hairuhusiwi. Huyo huyo ndiye hupokea vifurushi vya jengo zima wenyewe tukiwa kazini, akavipanga ukumbini mwake kwa kufuata ghorofa. Siku moja alinikuta ngazini na barua ya ofisi fulani iliyokuwa imekataa ombi langu. Aliomba aisome, akavaa miwani, akapigia mstari aya ya mwisho iliyoeleza kwamba nina mwezi 1 wa kuwasilisha pingamizi. Jioni hiyo tuliliandika mezani kwake. Alinisahihisha sarufi bila huruma, akanipa bahasha, akasisitiza niitume kwa rejista. Hakutabasamu hata mara moja, na kesho yake aliendelea kuniita kwa jina la ukoo kama kawaida. Kwa maoni yangu, ukali wake wa Jumapili na msaada wake wa jioni ile vina chimbuko moja: anaamini kwamba kanuni ni za kila mtu, mimi nikiwamo, na hataki nikose haki yangu kwa sababu tu ya kutozijua.

Wengine siwakumbuki hata sura, kama wale wanaoshika upande wa pili wa kigari cha mtoto kwenye ngazi za stesheni lifti inapoharibika, wakaenda zao kabla ya kushukuriwa.

Mwaka 2015, wakimbizi wengi walipopitia kituo kikuu cha reli cha Hamburg wakielekea Skandinavia, watu wa kujitolea waliwapokea kwa chakula, nguo na ukalimani. Mwaka huo huo, kwingineko Ujerumani, makazi ya waomba hifadhi yalichomwa moto. Anayetaka kuwaita Wajerumani wakarimu atashika habari ya kwanza, anayetaka kuwaita wabaguzi atashika ya pili, na kila mmoja atakuwa na ushahidi wake mkononi. Mimi mwenyewe nimewaona katika treni za mjini watu wanaohama kiti nikikaa karibu nao. Wema wa jirani yangu hauwafuti hao, wala wao hawaufuti wema wake.

Nilipomwambia mama huyo kwamba watu wa Hamburg si wagumu kuzoeleka kama wanavyosemwa, alipinga papo hapo. Alisema kwamba watu wa kaskazini ni wagumu kweli, wachangamfu ni wa Rhineland, eneo la magharibi mwa nchi, na Waswabia wa kusini ni wabahili. Nikamuuliza anawafahamu Waswabia wangapi. Alifikiri kidogo, akamtaja mmoja tu, daktari wake wa meno, ambaye, alikiri, si bahili hata kidogo.